Eapoti ni steji: kwa nini Kisumu ni ya kimataifa na safari ya Dubai bado inapitia Nairobi

Juzi tulikuwa kwa shemeji hapa Section 58, Nakuru, chai imeisha na mandazi yamebaki mawili ya kugombaniwa, ndipo akaanza tena ile hadithi yake. Ati Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021 na haina eapoti ya maana, Kisumu wako nayo, Eldoret wako nayo, sisi tuko na flamingo tu. Mimi mtu wa Kisumu nikacheka. Akanigeukia: "Na wewe shem usicheke, hiyo yenu ni ya kimataifa ya wapi? Mtu wa Kisumu akienda Dubai si anapitia Nairobi?"

Hapo alinishika kweli. Na nimeona si yeye peke yake, kila siasa ikipamba moto huku magharibi lazima mtu aahidi eapoti, halafu watu wanaanza kubishana bila hata kukubaliana eapoti ni nini. Kwa hivyo acha nieleze polepole, wenye haraka mtanisamehe.

Kwanza maneno. Ile lami ndefu ambayo ndege inakimbilia, kwa vitabu inaitwa njia ya kurukia na kutua, mimi nitaiita ranwei kama kila mtu. Pale ndege zinapoegeshwa watu wakipanda na kushuka ni eproni. Ile nyumba ya kukaguliwa mabegi na kununua soda kwa bei ya kuumiza roho ndiyo terminali. Mahali pakiwa na ranwei na vitu vichache tu vya kusaidia, watu huita eastripu, na huku kwetu ziko nyingi: Kakamega, Kitale, Kabunde kule Homa Bay, na hapa Nakuru kuna ile ya Lanet, upande wa jeshi, ambayo kwa miaka imekuwa ikisemwa itapanuliwa.

Sasa neno "kimataifa". Hili ndilo linachanganya watu kabisa, kwa sababu tunalisikia kama cheo, kama mji kupandishwa kuwa jiji. Uwanja wa kimataifa maana yake ni serikali imeutaja kwamba ndege kutoka nchi nyingine inaweza kutua pale moja kwa moja, kwa sababu kazi za mpakani zinafanyika pale pale: uhamiaji wanagonga pasipoti, forodha wanaangalia mzigo, watu wa afya wapo, na wale wa kukagua mimea na wanyama. Basi. Eapoti ya kimataifa ni mpaka wa Busia uliowekewa ranwei. Na Busia ikiwa wazi saa ishirini na nne haimaanishi kuna basi la kwenda Kigali linakungoja wewe kila dakika, mpaka umefunguliwa tu, wa kupita ni juu yao.

Hapo ndipo steji inaingia. Kaunti inaweza kujenga steji safi, ikaweka mabati, choo, taa na hadi mahali pa kina mama kuuzia ndizi, lakini steji haina matatu. Matatu ni ya mwenyewe, na mwenyewe ataangalia kitu kimoja: hapa nitajaza? Eapoti ni hivyo hivyo. Haina ndege hata moja. Ndege ni za mashirika, na shirika linapiga hesabu ya viti. Ile ndege ya mapanga inayokwenda Kisumu kutoka Nairobi, Dash 8-400, inabeba watu kama 78, hiyo inajaa na inarudi imejaa, safari yenyewe dakika arobaini na kitu. Ndege ya kwenda mbali kama Boeing 787 iko na viti zaidi ya 200. Ili ikufae kuileta Kisumu uwe na watu 200 wanaotaka kwenda mahali pamoja, siku moja, na wengine karibu idadi hiyo wanaotaka kurudi, na si Krismasi pekee, hata Jumanne ya Februari. Hawapo wa kutosha, kwa hivyo wanakusanywa Nairobi pamoja na wa Mombasa na Eldoret na Entebbe mpaka ndege ijae. Mtu wa Usenge haulizi mbona hakuna basi la moja kwa moja hadi Malindi, anajua atashuka Kisumu, apande la Nairobi, ahame tena. Lakini ikifika kwa ndege tunasahau akili hiyo hiyo tuliyo nayo.

Haya, shemeji atasema, lakini si Kisumu walirefusha ranwei ikawa kama kilomita 3.3, si ilikuwa ndege kubwa zije? Hapa kuna kitu kizuri sana ambacho mimi mwenyewe nilikielewa nikiwa mtu mzima, na mwalimu wake ni wakimbiaji wa Iten.

Mnajua mbona wazungu wanakuja Iten kufanya mazoezi: kule juu hewa ni nyepesi, mtu wa pwani akikimbia mita mia mbili anashika magoti. Ndege nayo inahema. Bawa linainuliwa na hewa, na injini inakula hewa, sasa hewa ikiwa nyepesi inabidi ndege ikimbie kasi zaidi ndiyo inyanyuke, na wakati huo huo injini imepungukiwa nguvu, kwa hivyo inakula lami nyingi zaidi. Joto nalo linafanya hewa iwe nyepesi vile vile. Wapangaji wa viwanja wako na kanuni rahisi ya kuanzia: kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari ongeza asilimia 7 ya urefu, halafu kila digrii moja ya joto inayozidi ile ya kawaida ya urefu huo ongeza asilimia 1. Ya kawaida ni digrii 15 pale baharini, na inashuka digrii 6.5 kila kilomita moja unayopanda.

Twende na mfano. Chukua ndege ambayo baharini ingehitaji mita 1,800. Kisumu iko juu ya mita 1,100 na kitu, sema 1,150, hiyo ni nyongeza ya karibu asilimia 27, tumefika 2,290 hivi. Sasa joto: kwa urefu wa Kisumu hewa "inatakiwa" kuwa digrii 7 na nusu, na nyinyi mnajua saa nane mchana pale Kibuye ni digrii 30 na jasho juu. Imezidi 22. Ongeza asilimia 22, uko karibu mita 2,800. Kilomita nzima imeongezeka na ndege ni ile ile, abiria ni wale wale. Eldoret ambayo iko mita 2,150 hivi, hesabu hiyo hiyo na joto la mchana la digrii 24 inakupeleka kama 3,300, na ndiyo maana ranwei yao tangu 1997 ni ya kilomita 3.5 na watu walipoiona wakasema Moi amezidisha. Nakuru iko kama mita 1,850, mchana wa joto digrii 26, unapata karibu 3,150.

Hii ni hesabu ya haraka ya mgongoni kwa bahasha ya mahari, mhandisi wa kweli hatajengea hapo, atachukua vitabu vya ndege yenyewe. Lakini inaonyesha kwamba mtu akiniambia "ranwei yetu itakuwa kilomita mbili kama ya mji fulani wa pwani" nitamuuliza, pwani gani na sisi tuko mlimani?

Na urefu ni nusu tu. Kuna unene. 787-8 ikijaa inafika tani 228 hivi. Trela la ekseli saba linaruhusiwa tani 56 kwa barabara zetu, kwa hivyo ndege hiyo moja ni trela nne zilizojaa. Lakini trela nne ziko na matairi kama mia moja na nne, ndege inasimama kwa kumi. Kumi! Ukiona vile trela zimekanyaga lami pale mteremko wa Mau Summit mpaka ikafanya mitaro, utaelewa mbona kilomita moja ya ranwei haifanani bei na kilomita moja ya barabara ya kijijini. Kuna pia upana wa mabawa. Ndege za aina ya 737 ziko chini ya mita 36, za aina ya 787 zinafika mita 60, na hiyo inaamua eproni iwe pana kiasi gani na njia ambazo ndege inatembelea kutoka eproni hadi ranwei zikae mbali kiasi gani, ndege mbili zisigongane mabawa kama boda pale raundi.

Nimesema mengi ya lami, sasa upepo, na hapa Kisumu ni darasa safi. Ukikaa dirishani siku moja ndege ikigeuka kuanza kukimbia angalia chini, kuna namba kubwa nyeupe imepakwa. Kisumu ni 06 upande mmoja na 24 upande mwingine. Si namba ya nyumba. Ni upande ranwei inaangalia kwa dira, wametoa sufuri ya mwisho: 06 ni digrii 60, yaani kaskazini-mashariki kuelekea bara, 24 ni digrii 240, kusini-magharibi. Ndege inapenda kuruka na kutua ikikabili upepo, kwa sababu upepo wa mbele unaisaidia kunyanyuka mapema na kusimama haraka. Wavuvi wa Dunga hawahitaji kuelezwa upepo wa ghuba ya Winam, usiku na alfajiri unatoka nchi kavu kwenda ziwani, jua likishapasha nchi mchana unageuka, unatoka ziwani kuja kwetu. Ranwei imelazwa karibu na mstari wa huo upepo, kwa hivyo asubuhi unaweza kutumia upande mmoja na mchana mwingine, lami ni ile ile. Mtu anayesema "si wangelaza tu ranwei mahali shamba lilipopatikana" hajawahi kutua na upepo wa ubavuni, unaona mama wa siti ya mbele ameanza kuomba kwa sauti.

Mimi nimewahi kuzungushwa juu ya Kisumu karibu nusu saa, saa kumi jioni, mvua ya ngurumo imekaa pale pale juu ya uwanja, radi inawaka kama mtu anachomelea chuma. Mwishowe tukarudishwa Nairobi. Ndani ya ndege kelele, jamaa mmoja anasema kwa nguvu "ranwei ndefu yote hii na hatuwezi kutua?" Ndugu yangu, ranwei haizuii radi. Eneo hili la ziwa na milima ya Nandi na Kericho ni kati ya mahali pa ngurumo nyingi sana, na saa yake ni hiyo ya mchana kuelekea jioni. Shirika likipanga ratiba Kisumu linajua, ndiyo maana ya asubuhi ni tulivu na hiyo ya jioni ni bahati yako.

Ndege wa manyoya nao. Yule mkubwa wa mashimo ya takataka, marabou, anapita kilo tano na anapenda kupanda na hewa ya joto mchana, bila haraka, bila kuangalia kushoto. Akiingia kwa injini hapo hakuna mchezo. Ndiyo maana miongozo ya kimataifa inasema jaa la taka lisiwekwe ndani ya kilomita 13 za uwanja. Sasa fikiria Kisumu, ziwa upande mmoja, samaki, matumbo ya samaki, na kwa miaka mingi jaa la Kachok lilikuwa katikati ya mji. Kwa hivyo kusimamia eapoti kunaingia mpaka kwa mahali unapotupa maganda. Inaingia pia kwa ghorofa: karibu na uwanja mkubwa, kuna duara la kama kilomita 4 ambapo kitu hakitakiwi kupita mita 45 juu ya uwanja, na pale ndege inaposhukia masharti ni makali zaidi, kilomita moja kutoka mwisho wa ranwei jengo liwe chini ya mita 20 hivi, ghorofa sita umeshagusa. Ukinunua ploti huko na unaota ghorofa, anza kwa mamlaka ya usafiri wa anga uulize urefu kabla hujamwita fundi.

Hapo nimetaja mamlaka, na hii nayo watu wanachanganya. Wako wawili. KAA, mamlaka ya viwanja vya ndege, ya 1991, ndiyo kama mwenye nyumba: lami, terminali, zimamoto, maduka, parking. KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, iliyoanzishwa 2002, ndiyo inatoa leseni na kukagua, na wale waongoza ndege wa kwa mnara ni wao. Utabiri wa mvua ni wa idara ya hali ya hewa, pasipoti ni uhamiaji, mzigo ni forodha wa KRA, watu wa ushuru, ulinzi unaingia polisi. Ndege ni za mashirika. Kwa hivyo ukikaa masaa matatu pale Kisumu na hasira, kabla hujaandika mtandaoni "hii eapoti ni takataka", jua unaweza kuwa unamtukana mwenye nyumba kwa makosa ya mpangaji.

Kitu kimoja cha mwenye nyumba ambacho hakuna mwanasiasa anakata utepe wake ni zimamoto. Kila uwanja uko na daraja la zimamoto, linafuata urefu na unene wa ndege inayokuja, na gari linatakiwa kufika popote kwa ranwei ndani ya dakika 3. Gari kubwa likiharibika na hakuna lingine, uwanja unashushwa daraja siku hiyo hiyo na ndege kubwa hairuhusiwi hata kama lami inang'aa. Kwa hivyo kuna watu wanakaa tayari kutwa kucha, na mshahara, na povu linaloisha muda wake, na mazoezi, iwe kuna ndege kumi ama moja. Kujenga unalipa mara moja. Hiyo unalipa milele.

Pesa inatoka wapi? Kuna zile za ndege: ada ya kutua, kuegesha, na ada ya abiria ambayo imefichwa ndani ya tiketi yako. Kuna zile za chini: kodi ya maduka, mabango, parking. Uwanja wenye ndege tatu kwa siku hauna duka litakalolipa kodi kubwa, kwa hivyo viwanja vidogo vinaegemea JKIA, ule uwanja mkuu wa Nairobi, ndiyo kaka mkubwa anayefanya kazi Nairobi na kutuma nyumbani. Na hii ndiyo ilinifanya nishangae 2024, zile kelele za Adani, kampuni ya India, watu wengine wa huku walisema hayo ni mambo ya Nairobi. Mpango ulikuwa kampuni hiyo iboreshe JKIA na iiendeshe miaka 30, wafanyakazi wakagoma Septemba 11, na Rais Ruto akaufuta Novemba 21. Wengine waliita kuuza, wengine kukodisha. Kukodisha ndiyo sahihi, ni kama kumpa mtu ploti ajenge, akusanye kodi miaka 30 halafu arudishe. Lakini swali ambalo mtu wa Kisumu na Eldoret alifaa kuuliza kwanza ni, huyo kaka mkubwa mshahara wake ukishikwa na mtu mwingine, nyumbani kutatumwa ngapi? Hilo sikulisikia sana.

Eldoret nayo ni hadithi yake. Ndege za mizigo zinatua na shehena kutoka nje, halafu mara nyingi zinaondoka tumbo tupu, zinapitia Nairobi kupakia maua. Matatu inayokuja imejaa na kurudi bila mtu haidumu kwa njia hiyo, isipokuwa nauli ya kuja ilipie yote mawili. Mahindi hayapandi ndege. Ukitaka zijaze kurudi lazima kuwe na parachichi, samaki, maua, nyama, na vyumba vya baridi vya kuziweka, na mtu wa kukagua mimea akiwa pale Jumapili. Chumba cha baridi na mkaguzi wa Jumapili, hiyo ndiyo ahadi ningeipigia kura mimi.

Sasa turudi kwa shemeji. Nakuru hadi Nairobi ni kilomita 160 hivi. Matatu ikikuchukua saa tatu umelia, tano kukiwa na jam pale Gilgil. Ndege: toka Section 58 nenda Lanet, fika mapema saa moja kabla, ruka dakika ishirini na tano, shuka, ngoja begi, toka JKIA hadi mjini na hiyo jam ya Mombasa Road. Umemaliza saa tatu, na nauli umelipa ya mtu wa Kisumu. Kisumu ndege inashinda kwa sababu barabara ni saa saba. Umbali mfupi ndio adui wa eapoti ya Nakuru, si siasa wala wivu wa mtu.

Lanet ikiboreshwa itafaa, sisemi haitafaa. Watalii wa kukodi ndege ndogo, mgonjwa wa kupelekwa haraka, wakubwa na misafara yao, labda siku moja safari ya Mombasa wikendi maana hiyo ndiyo mbali ya kweli kutoka hapa. Hiyo Mombasa nilipomwambia shemeji alinyamaza kidogo, akachukua andazi la mwisho, akaniuliza watu wa kujaza viti 78 kila Ijumaa kwenda Mombasa kutoka Nakuru wako? Nikamwambia hapo sasa ndiyo umeuliza swali la mwenye ndege.